Aliyemlisha Bi Siwatu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana wengine mlioketi hapa mlikuwapo na mlikula, palikuwa na mwanamke mpishi. Nimesema mlikula. Tukifika hapo mtajijua wenyewe, sitamtaja mtu.

Mwanamke huyo aliitwa Bi Siwatu, na mji wake ulikuwa mji wa stesheni, pale treni inaposimama kupakia machungwa ikaenda zake. Katika mji ule hakukuwa na arusi wala hitima bila Bi Siwatu kusimama mbele ya sufuria, zile sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Mkononi alishika mwiko wa mvule, mrefu kama mkono wa mwanamume, mweusi kwa mafuta ya miaka mingi. Mwiko ule aliachiwa na mpishi aliyemtangulia, na yule naye aliachiwa na mwingine. Mwenye mwiko ndiye mkubwa wa meko. Akisema moto upunguzwe, unapunguzwa. Akisema wali haujaiva, hata bwana arusi atangoja.

Na nyumbani kwake alikuwa na sheria moja: hakuna anayetoka mlangoni pake na njaa. Uwe umekuja kuposa, umekuja kukopa, umekuja kusema umbea, utakula kwanza. Watu waliipenda sana sheria hiyo. Mnaona jinsi mnavyotabasamu.

Basi Bi Siwatu akaugua. Saratani, kwenye titi. Akapelekwa hospitali kubwa, akatiwa dawa ya mshipani, akarudishwa nyumbani apumzike mpaka zamu nyingine ya dawa. Dawa ile ni kali. Mdomo ulimtoka vidonda. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Nyama ilikuwa na ladha ya msumari. Akimeza, kinarudi. Yule aliyelisha mji mzima akawa hawezi kumaliza kikombe cha chai.

Mji ukasikia. Mji ukaja kumwona mgonjwa.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Nyumba yenye mgonjwa haizimi moto. Mgeni anayekuja kutoa pole hapewi mkono mtupu. Anakaa mkekani, anakula, ndipo anaondoka. Na hii ilikuwa nyumba ya Bi Siwatu, mwenye sheria yake. Basi wanafunzi wake wa jiko walikuja kupika, uani kukawa na moto asubuhi hadi jioni, vitunguu vinakaangwa, pilau inapikwa, masinia yanazunguka. Nyumba nyingine watu humwona mgonjwa, wakampa pole, wakarudi kazini. Nyumba hii walimwona mgonjwa mpaka chini ya sufuria kukaonekana. Walichungulia chumbani, wakasema, "Maskini, amekonda," kisha wakatoka uani kuuliza kama ukoko umebaki.

Wageni wakala. Bi Siwatu hakula.

Niwaambieni juu ya dada yake. Aliitwa Bi Tunu, mkubwa wake kwa kuzaliwa, mwanamke wa shamba, mtiifu kupita kiasi. Aliposikia mdogo wake anaumwa alifunga nyumba yake, akaacha mihogo ardhini, akaja na kifurushi chake. Akasema, "Mimi nitamhudumia. Niambieni tu lipi la kufanya."

Loo. Katika mji ule humwambii mtu maneno hayo. Kila mgeni alikuwa na lake la kumwambia. Mmoja, mdomo umejaa nyama, alisema, "Bi Tunu, asile nyama, nyama inalisha uvimbe." Mwingine akafuta mafuta kidevuni, akasema, "Na mayai. Yai ni sumu kwa ugonjwa huo." Wa tatu, anakoroga chai yake yenye sukari ya kutosha nyumba nzima, akasema, "Sukari mwondolee kabisa. Na maziwa. Na mafuta. Ukiushindisha njaa ugonjwa, unakufa wenyewe." Na Bi Tunu akasema ndiyo. Kwa kila mmoja akasema ndiyo. Akamwondolea mdogo wake nyama, akamwondolea mayai, akamwondolea maziwa, akambakizia mchicha wa kuchemsha na maji ya vuguvugu. Siwatu alipoomba kijiko cha mtindi, dada yake alilia, akakataa, akaamini anamwokoa.

Wageni wakala. Bi Siwatu hakula.

Zamu ya dawa ikafika, wakaenda hospitali. Siwatu akapandishwa mzani. Muuguzi, mama wa makamo asiye na mchezo, aliutazama mshale, akamtazama mgonjwa, akautazama mshale tena. Akamwita daktari, wakanong'ona, kisha akarudi.

"Leo hapewi dawa," alisema. "Mwili huu hauwezi kuibeba. Mrudisheni nyumbani ale, arudi akiwa na uzito. Asipoongezeka, hatutaweza kuendelea, na ugonjwa hautatungoja. Anakula nini huyu?"

Bi Tunu akaeleza kwa fahari. Akataja kimoja kimoja alichomnyima.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mama, nani alikupa maneno haya? Uvimbe haufi kwa njaa. Anayekufa nayo ni dada yako. Mpe mayai yaliyoiva. Mpe samaki, maharage, karanga za kusaga, maziwa yaliyochemshwa. Kidogo kidogo, mara nyingi, laini, kisiwe cha moto sana kwa sababu ya vidonda. Asukutue kinywa kwa maji ya chumvi. Na mtu akikuletea katazo lingine, mwambie aje alisemee hapa mbele yangu."

Hakuna aliyekwenda kulisemea pale. Mmesikia? Hata mmoja.

Walipofika nyumbani Bi Tunu aliingia jikoni, akatwanga karanga mpaka viganja vikachubuka. Tangu siku hiyo alipika uji mwepesi wa ulezi na maziwa, akavuruga mayai, akaponda viazi vitamu, akachambua samaki mwiba kwa mwiba. Alimletea mdogo wake uji katika kikombe kidogo cha kahawa, hakikujaa, na kabla hakijapoa vizuri alikuwa anatayarisha kingine. Alipika kama mtu anayelipa dhambi.

Na kila alichopika kilirudi. Siwatu anakunywa, anashika tumbo, anatapika. Bi Tunu anafuta sakafu, anapika tena. Kinarudi tena.

Kwa nini kirudi? Hapo ndipo anapoingia Mwantumu.

Mwantumu alikuwa mkwe wa Siwatu, mke wa mwanawe wa pekee, Shomari. Msichana mkimya, asiyejua kupika hata wali usishike chini, na mji ulikuwa umeshamsema kwa hilo. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya mgonjwa na kumbadilisha nguo. Siku moja aliingia chumbani akakuta dirisha limezibwa kwa kanga, nyufa zote, na chumba kina joto la kuchemsha mayai. Dirisha lile lilitazama uani, penye moto.

"Mama, nikufungulie upate hewa?"

"Acha," alisema Bi Siwatu. "Ni upepo tu unanisumbua."

Upepo gani, na nje jani halitikisiki? Siku ya pili Mwantumu akamkuta amejifunika shuka usoni, amebana ndimu puani. Akakaa kitandani. Akangoja. Mwishowe Siwatu akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ni kitunguu. Kitunguu kikianza kukaangwa huko nje, matumbo yananipinduka. Kila kitu kinatoka. Usimwambie mtu. Watasema nini? Mpishi mzima anachukia kitunguu."

"Basi tuseme wasipike."

"Wageni wangu waondoke na njaa? Nikiwa hai? Usithubutu."

Mnaelewa sasa. Mwanamke yule alikuwa akitapishwa na karamu ya kumpa pole. Alikaa mle ndani, amebana ndimu puani, anafisha uhai wake ili ninyi mshibe. Nimesema ninyi? Basi nimesema.

Mwantumu akaitunza siri. Siku zikapita, Siwatu akazidi kwisha, na siku ya kurudi hospitali inakaribia. Kisha kikaja chama. Chama chenyewe kilikuwa cha kuzikana. Mgonjwa yu hai, na chama cha kuzikana kimeshafika, sare za kanga mpya, wamejaa ua mzima. Sufuria mbili zikatelekwa. Vitunguu karai zima. Na kutoka chumbani Mwantumu akasikia mama mkwe wake anatapika uji aliopewa muda mfupi uliopita, na Bi Tunu anamwambia, "Pole mdogo wangu, nitapika mwingine."

Mwantumu akachukua ndoo ya maji ya kufulia. Akatoka uani. Akamwaga kwenye moto wa kwanza. Akaenda kisimani, akachota, akamwaga kwenye moto wa pili. Pilau ilikuwa imeshatiwa mchele.

"Shikamooni mama zangu," alisema. "Leo hapa hapaliwi."

Kisha mkubwa wao akauliza, "Huyu katumwa na nani?"

"Sijatumwa. Mama yangu mle ndani anatapika kwa sababu ya vitunguu vyenu. Hawezi tena harufu ya kitunguu. Kila mkila, yeye anatoa alichokula. Nendeni mkale makwenu, na kesho msije."

Akafungua lango akalishikilia. Wakatoka. Walitoka wakisema, na maneno waliyoyasema siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Kabla ya adhuhuri mji mzima ulijua mambo mawili: kwamba nyumba ya Bi Siwatu imefukuza wageni na njaa, na kwamba Bi Siwatu, mpishi wa wapishi, anatapishwa na kitunguu. Walicheka. Ndiyo, kuna waliocheka.

Shomari alirudi kutoka kazini, ameshasikia njiani. Hakuuliza mama yake amekula nini. Alimwuliza mkewe, "Umenifanyia nini mbele ya watu?" Mwantumu akaeleza. Shomari akasema, "Fungasha, nenda kwenu. Nitakuita nikitaka." Mwantumu akaingia kumuaga mama mkwe wake. Bi Siwatu, ambaye sheria yake ilivunjwa na siri yake ikatolewa uani kama maji machafu, aligeuza uso akautazama ukuta. Hakumwambia hata nenda salama. Mwantumu akatoka na furushi lake, na Shomari hakumwita.

Lakini uani palikuwa baridi. Hewa ilikuwa safi. Na uji wa Bi Tunu, siku ile, kwa mara ya kwanza, haukurudi.

Mmefurahi? Ngojeni. Uji haukurudi, lakini Siwatu hakuutaka. Alikunywa mafunda mawili akasukuma kikombe. Lango limefungwa, wageni hawaji, mji unacheka, mkwe kafukuzwa, na ulimi bado una msumari. Alilala ameelekea ukuta. Bi Tunu alimbembeleza, alimsihi kwa jina la mama yao.

"Dada," alisema Siwatu, "nimechoka kumeza. Niache."

Hapo ndipo Mwajabu alipokuja.

Bi Mwajabu na Bi Siwatu walikuwa wajane wa mume mmoja, Mzee Kibwana, Mungu amrehemu. Siwatu mke mkubwa, Mwajabu mdogo. Nyumba zao zilishikana ukuta, na tangu Mzee Kibwana alipozikwa hawakuwahi kusemeshana. Hata alipokuwa hai walisemeshana kwa kupitia kuku: "Wewe kuku, mwambie mwenzako aondoe ndoo yake njiani." Lango lilifungwa kwa wageni, lakini Mwajabu hakuwa mgeni. Alipita mlango wa ndani, uliokuwa umefungwa kwa misumari, na misumari aliing'oa mwenyewe.

Hakupiga hodi. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akaweka bakuli mapajani, akaondoa kawa. Boga la nazi, limepoa. Hakumkaribisha mgonjwa. Alianza kula yeye.

"Nimepika boga," alisema, "kwa namna yako, mke mwenzangu. Ile aliyoipenda marehemu."

Siwatu hakugeuka. Baada ya muda akauliza ukuta, "Namna yangu ipi?"

"Hiyo yako. Nimetia tui lote kwa pamoja, zito na jepesi, nikaliacha litokote mpaka boga likaiva."

Kisha Siwatu akageuka polepole, kwa kiwiko.

"Umetokosa tui zito?"

"Limekuwa tamu sana."

"Tui zito hutiwa mwisho, Mwajabu. Mwisho. Likitokota linakatika. Lete hapa."

Akachukua kijiko. Kijiko cha kwanza alionja. "Limekatika. Na chumvi hujatia." Cha pili alikula ili awe na hakika. Cha tatu na cha nne alikula kwa hasira tu, anamtazama Mwajabu machoni. "Miaka ishirini na zaidi tumekaa kwa mume mmoja," alisema, "na hukujifunza chochote."

"Mimi naliona tamu," alisema Mwajabu, akachukua bakuli lake, akaondoka.

Siwatu akaita kwa sauti ambayo haikusikika nyumbani mle tangu augue. "Dada Tunu! Kuna boga? Nipikie boga. Ngoja nikwambie. Tui jepesi kwanza, na kitunguu usitie. Nataka nimwonyeshe mpumbavu yule boga likoje."

Bi Tunu akapika, mgonjwa anaelekeza kutoka kitandani. Mwajabu akaitwa aonje. Akaonja, akatafakari, akasema, "Langu zuri zaidi." Na Siwatu, ili kuthibitisha kwamba Mwajabu ni mwongo, akala bakuli zima.

Siku iliyofuata Mwajabu akaja na uji wenye mabonge. Iliyofuata, mayai yaliyokauka kama sifongo. Iliyofuata, samaki asiye na ndimu wala chumvi. Kila siku chakula kibaya kuliko jana, kila siku anasema ni kwa namna yako. Kila siku Siwatu anaonja, anatukana, anaagiza, Bi Tunu anapika upya kwa usahihi, na Siwatu anakula ili ashinde. Alilala akiwaza kesho Mwajabu ataharibu nini. Aliamka na njaa ya ugomvi, na chakula kikapita humo humo.

Wakarudi hospitali. Siwatu akapanda mzani. Muuguzi akautazama mshale, akatabasamu kidogo, akasema, "Haya, huyu tunaweza kuendelea naye." Dawa ikatiwa. Zamu ile ikapita, ikaja nyingine, kukawa na siku za kutapika na siku za kula, mpaka zamu za dawa zikaisha, na daktari akasema uvimbe umerudi nyuma, awe anakuja kuangaliwa.

Basi Bi Siwatu akaita watu. Mwiko haukabidhiwi chumbani, hukabidhiwa mbele ya mji. Akafungua lango. Na mji, uliokuwa umeapa hautakanyaga tena pale, ulikanyaga. Walikuja wote, chama cha kuzikana mbele, wakaketi mikekani wakitazama upande wa jiko.

Bi Siwatu alisimama, kilemba kichwani, mwiko mkononi. Akasema, "Nimepona kiasi cha kusimama hapa. Mbele ya moto mkubwa sitasimama tena, mwili umekataa. Mwiko huu utatoka kwangu leo, na nitampa yule aliyenilisha nilipokuwa nakufa. Atakayeushika ndiye mkubwa wa meko ya mji huu, na jiko la nyumba hii ni lake. Atakaa hapa. Mimi nitakula mkononi mwake mpaka siku yangu. Aliyenilisha na aseme."

Bi Tunu akasimama wa kwanza. "Mdogo wangu, kila kilichokaa tumboni mwako nilikipika mimi. Uji wangu, mayai yangu, boga langu. Ulipotapika nilifuta, nikapika tena, na hukunisikia nikihema. Shamba langu limerudi kuwa pori, sina pa kurudi. Kama si aliyepika, nani basi anayeitwa aliyelisha?"

Mwajabu akacheka akiwa amekaa. "Na mchicha wa kuchemsha, Bi Tunu, aliupika nani? Kabla hujamlisha ulimnyima. Alikuomba mtindi ukamkatalia. Mzani ule ulioshuka uliushusha wewe."

Bi Tunu akainamisha kichwa. "Kweli," alisema. "Niliambiwa. Walioniambia wamekaa hapo." Nao waliokaa pale wakaanza kutazama kucha zao.

Kisha sauti ikatoka langoni. Mwantumu alikuwa amekuja, lakini hakuingia, kwa kuwa mumewe hakuwa amemwita. Alisema akiwa amesimama nje ya kizingiti. "Mama, mimi sikukupikia. Sijui kupika, mnajua wote. Lakini mama mkubwa alipika kabla, na kila kitu kilirudi. Kilianza kukaa siku nilipozima moto. Kwa moto ule nimepoteza nyumba yangu. Chakula kisichokaa tumboni ni chakula gani?"

Shomari akasema kwa ukali, "Uliaibisha nyumba hii."

"Niliiaibisha," alisema Mwantumu. "Na mama yako amesimama hapo."

Bi Siwatu akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu. "Nilikuomba usimwambie mtu," alisema. "Ulikuwa na njia ya kuwaondoa bila kunivua nguo mbele ya mji. Ungesema nimelala. Ungesema daktari amekataza. Ulichagua siri yangu." Machozi yalimshuka Mwantumu, lakini hakuyafuta wala hakuondoka.

Mwajabu akasimama wa mwisho, akikung'uta kanga yake. "Mimi sisemi mengi. Chakula cha Tunu kilikuwepo. Hewa ya Mwantumu ilikuwepo. Na mwenzangu alikuwa ameelekea ukuta, anasema niacheni. Nani alimgeuza?"

"Ulikuja kumcheka," alisema Bi Tunu. "Chakula kile kilikuwa kejeli. Sema mbele ya watu."

Watu wote wakamtazama Mwajabu. "Siku ya kwanza nilikuja kumcheka," alisema. "Miaka mingi nimengoja nimwone ameshindwa kula na mimi nakula mbele yake. Boga lile nilipika kwa kadiri ya uwezo wangu, ndivyo ninavyopika. Halafu alikula. Nikarudi nyumbani, sikulala vizuri. Kuanzia siku ya pili niliharibu kwa makusudi. Aniamini anayetaka."

Mtu mmoja akasema, "Huyu akipewa mwiko, arusi zetu zitakula mabonge." Wakacheka. Mwajabu hakucheka. Akasema, "Nikiupata, ukuta ule utabomolewa. Nikiukosa, nitapiga misumari upya, maana siwezi kurudi kupita kama mgeni."

Bi Siwatu akausogeza mwiko kifuani. Bado hakuwa na nguvu nyingi. Akasema, "Dada, uliniua njaa, kisha ukanilisha. Mwantumu, uliniponya, ukanivunjia sheria yangu na siri yangu. Mwajabu, ulikuja kunicheka, nikala. Na mwiko ni mmoja."

Akapiga hatua mbele, mwiko umeelekezwa. Umeelekezwa kwa nani, hapo ndipo nitakapowaachia.

Kwa sababu wakati ule ule, mkubwa wa chama cha kuzikana alijiweka sawa mkekani, akanyoosha miguu, akasema, "Bi Siwatu, tafadhali fanya haraka kidogo. Wengine tumetoka nyumbani bila kula."

Msicheke. Nimemwona anayecheka pale nyuma, na nakumbuka sinia alilokaa.

Haya, hukumuni ninyi, mnaojua kuhukumu. Tunu aliyepika, na aliyenyima. Mwantumu aliyezima moto, na aliyetoa siri. Mwajabu aliyemgeuza kutoka ukutani, na aliyekuja kwa kejeli. Lakini kabla hujafungua mdomo kunijibu, nitajie mgonjwa wa mwisho uliyekwenda kumpa pole, uniambie wewe ulikula nini, na yeye alikula nini. Ukishasema hilo, nitakusikiliza.

Je, nani alistahili mwiko?